Pedali Mbili za Shemeji Stempu

Shemeji yangu aliwahi kuzishtaki pedali mbili kwa kosa la mkono wake mwenyewe, na aliyemfungulia kesi hiyo ya uongo ni mimi. Naandika haya kwa shukrani, lakini itabidi nianze na aibu yangu, maana bila aibu ile hata hizo shukrani zisingekuwa na pa kuanzia.

Ni mume wa dada yangu. Alifanya kazi posta miaka thelathini na mmoja, dirisha la tatu, akipokea vifurushi na kugonga muhuri, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Stempu. Mkono wa kulia uligonga, wa kushoto uliegemea kaunta. Nikisema uliegemea namaanisha uliegemea hasa: kiwiko kimekita kwenye ubao, mwili wote umelalia hapo, kichwa kimeinama kumsikiliza mteja. Mtu alikuwa akija amefura kwa sababu kifurushi chake kimechelewa, Stempu anamwinamia hivyo hivyo bila kujibu neno, mpaka yule mtu anaishiwa hasira na kuomba radhi mwenyewe. Mimi ningemrushia muhuri. Dada yangu husema Mungu alipogawa subira mimi nilikuwa nimeondoka kwenye foleni.

Kila Jumapili alasiri Stempu hupiga gitaa katika bendi yetu ya watu watano, kwenye ukumbi wa ushirika, wenye sakafu ya mbao na feni nne ambazo mbili ni mapambo. Mimi napiga besi. Gitaa lake si la kukumbatia kama ya watu wengine. Limelazwa juu ya miguu minne ya chuma naye anakaa nyuma yake kama mtu aliye mezani. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi kwa kucha za bandia, na wa kushoto umeshika kipande cha chuma kizito cha mviringo, kirefu kama kidole, anachokitelezesha juu ya nyuzi bila kuzikandamiza. Gitaa hilo halina vizuizi vya kukuonyesha noti iko wapi, lina mistari tu iliyochorwa. Ukisimama unywele mmoja kabla, noti iko chini. Ukipitiliza unywele mmoja, iko juu. Wapigaji wake ni wachache, na wote wana subira au wana wazimu. Shemeji amejaliwa vyote viwili.

Chini ya mguu wake kulikuwa na pedali ya mwangwi, kisanduku cha chuma cha rangi ya kijani iliyobanduka pembeni. Unapiga noti moja, nacho kinairudisha mara tatu au nne kama ukumbi mkubwa unavyofanya. Ilikuwa ya analogi, ya zamani kuliko ndoa yake. Siku moja nilimuuliza kwa nini haitupi, ulimwengu wote umeshahamia dijitali, akanieleza kwa lugha ya posta.

"Hii ya zamani inapeleka sauti kama barua," alisema. "Inaikabidhi kwa huyu, huyu anamkabidhi yule, yule anampa mwingine, na kila anayeishika anaichafua kidogo. Ikifika mwisho bahasha imechakaa, lakini ndiyo yenyewe. Ya dijitali inapiga fotokopi. Nakala ya kwanza na ya nne hazina tofauti. Sasa mimi natelezesha noti, Shemeji. Nikiwa njiani kwenda juu, fotokopi ya mahali nilipotoka inanipigia kelele masikioni. Barua iliyochakaa hainigombezi."

Nilimwambia hiyo ni sababu ya mtu mbahili. Alicheka, akaendelea kuifuta pedali yake kwa kitambaa.

Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, noti zake zilianza kushuka. Kuna wimbo aliomtungia dada yangu walipokuwa wachumba, hauna maneno, na katikati yake kuna noti moja ya juu anayoipandia taratibu mpaka watu wanaocheza hupunguza mwendo kuisubiri. Noti ile ikawa haifiki. Inapanda, inakaribia, inakaa chini kidogo ya mahali pake, halafu inatetemeka. Mpiga besi husikia kila kitu, kwa sababu kila kitu kimesimama juu yake. Nilisikia Jumapili ya kwanza. Nilisikia ya pili. Siku moja kipande cha chuma kikamdondoka kabisa mkononi, kikabingirika hadi kwa mpiga ngoma, na Stempu akasingizia mafuta aliyopaka mikononi.

Wakati wa mapumziko alinifuata nyuma ya spika. Alikuwa na mwezi mmoja tu tangu astaafu.

"Shemeji, leo umesikia kitu?"

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nimeshamwambia bwana harusi mbele ya watu kwamba suti imemzidi. Lakini nilimtazama yule mzee, dirisha lake la tatu wameshampa mtu mwingine, na Jumapili ndiyo siku pekee iliyobaki yenye watu wanaomsubiri. Nikaogopa. Nikasema, "Ni hiyo pedali. Imezeeka, mwangwi wake unayumba."

Ulikuwa uongo unaoaminika, kwa kuwa pedali za aina ile zikichakaa kweli huyumba. Uso wake ulilegea kwa faraja. Tangu siku hiyo nikawa napandisha sauti ya besi kila noti ile ilipokaribia, na nikamnong'oneza mwimbaji wetu naye aingie mapema na miguno yake. Funika kombe mwanaharamu apite. Tulilifunika miaka miwili, na hakuna aliyepita.

Aliyelifunua ni binti wa Stempu. Alikuwa amemsikia baba yake akiilalamikia pedali kila wiki, basi siku moja akamletea mpya, ya dijitali, ndogo, nyeusi, ina taa ya buluu na kitufe cha kushika kipande cha muziki ulichopiga na kukirudia mpaka uchoke. Zawadi ya mtoto haikataliwi. Jumapili iliyofuata aliiweka chini ya mguu, akaanza wimbo wa dada yangu.

Noti ilipanda, ikakwama pale pale ilipozoea kukwama. Halafu ile pedali ikairudisha. Ikairudisha tena. Ikairudisha mara ya tatu, safi, kila mtetemo mahali pake, na besi yangu haikuweza kuifunika kwa sababu iliendelea kusikika nilipokuwa nimeshanyamaza. Watu wawili watatu waliokuwa wakicheza waliinua vichwa. Dada yangu, aliyekuwa kiti cha mbele, aliacha kujipepea.

"Hiki ni kasuku," Stempu alisema wimbo ulipokwisha, masikio yamemwiva. "Tena kasuku mgonjwa. Kimetoka kiwandani kibovu."

Jumatatu asubuhi tulikwenda kwa Mama Lehemu, nimebeba gitaa, yeye amebeba pedali zote mbili kwenye mfuko wa vifurushi. Mama Lehemu ndiye fundi wetu. Chumba chake kiko nyuma ya duka la vifaa vya umeme, chembamba kiasi kwamba wateja wawili wakiingia mmoja lazima atoke ndipo mweze kugeuka. Ukutani kuna mikebe ya biskuti zaidi ya mia iliyojaa skrubu na vipuri, na hakuna hata mmoja ulioandikwa kitu. Mwenyewe hutabasamu mara moja kwa msimu. Alifunga mlango, akavaa miwani, akaunganisha pedali ya kijani na mashine inayotoa sauti moja isiyobadilika, akatazama mawimbi kwenye kioo kidogo. Akafanya vivyo hivyo kwa ile nyeusi. Ilimchukua nusu saa, na muda wote huo Stempu alikuwa akimweleza ubovu wa kila moja.

"Hii ya zamani inachafua sauti, ndivyo ilivyoumbwa," fundi alisema mwishoni. "Lakini haiyumbi hata kidogo. Nilibadilisha vipuri vyake mwenyewe miaka minne iliyopita. Na hii mpya haina kasoro. Zote nzima, Mzee Stempu. Nani alikwambia hii inayumba?"

Stempu akanionyesha kwa kidevu. Mimi nikatazama mikebe.

"Hebu piga," Mama Lehemu alisema.

Tulilisimamisha gitaa kati ya meza na mlango. Alipiga kipande cha wimbo wa dada yangu, na fundi akabonyeza kile kitufe cha kushika. Kipande kikaanza kuzunguka. Kinapanda, kinakwama, kinatetemeka, kinaanza upya. Stempu alikuwa ameshaondoa mikono, ameiweka magotini, na sauti yake iliendelea kutoka bila yeye. Nadhani katika maisha yake ilikuwa mara ya kwanza kukaa pembeni na kujisikiliza kama anavyosikiliza wateja. Kichwa kikainama kama pale dirishani. Mara ya saba au ya nane akasema taratibu, "Zima."

Fundi akazima.

"Ni mimi," alisema Stempu.

"Lete mkono."

Aliuweka chini ya taa yenye kioo cha kukuza, taa ile ile fundi anayoitumia kutazama vipuri. Mimi nilikuwa nimeuona mkono ule kila wiki na sikuwa nimeuona. Nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imebonyea, na vidole viwili vya mwisho vimejikunja kama vya mtu aliyeshika kitu kidogo. Mama Lehemu alivigusa kwa ncha ya penseli.

"Unasikia?"

"Kwa mbali."

"Tangu lini?"

"Kabla sijastaafu. Nilidhani ni uzee. Nikasema nikiutaja, mtaniondoa kwenye bendi."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema fundi, naye si mtu wa methali. Kisha akanigeukia. "Na wewe, Besi? Umesimama naye jukwaani miaka kumi na minane. Hukusikia?"

Ningeweza kuongeza uongo mwingine juu ya ule. Ulikuwa tayari ulimini. Lakini mule ndani hamkuwa na nafasi hata ya kugeuka.

"Nilisikia," nilisema. "Nilisikia tangu mwanzo. Pedali niliisingizia."

Ningefurahi kama Stempu angenitukana. Alisema tu, "Miaka miwili, Shemeji. Basi afadhali kasuku." Akaanza kufungua miguu ya gitaa, na mimi nikashika upande wa pili, tukalibeba mpaka nyumbani kwake.

Huko dada alitusomea mashtaka wote wawili. Mume kwa kuficha mkono, mdogo wake kwa kuficha masikio. Kumbe naye alikuwa na yake. Vikombe vitano vilikuwa vimevunjika jikoni mwaka ule, na kila kimoja alimsingizia paka wa jirani ili mume wake asione haya. Aliposema hivyo alikaa chini akafunika uso kwa upande wa kanga. Tulikuwa watu watatu wa familia moja, tunapendana, kila mmoja amebeba kipande chake cha ukweli, na hakuna aliyekitoa.

Hospitalini daktari kijana mwenye viatu vya raba alimpima, akamkunja mkono, akamgongagonga kiwiko.

"Mzee, kiwiko hiki umekuwa ukikiegemeza wapi?"

"Dirisha la tatu," alisema Stempu.

Ilibidi dada amfafanulie daktari. Kuna mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, ule unaokuwasha ukijigonga, na miaka thelathini na mmoja ya kaunta ya posta ilikuwa imeubana. Daktari alisema utafunguliwa kwa upasuaji mdogo. Alisema pia, bila kupamba maneno, kwamba hajui mkono utarudi kiasi gani. Tungekuja mwaka mmoja nyuma angetuahidi. Tungengoja mwaka mwingine, nyama ya kiganja isingerudi tena na kipande cha chuma kingekuwa pambo la kabati. Neno lile "mwaka mmoja nyuma" lilinikaa kifuani. Lipo mpaka leo.

Alifunguliwa kiwiko wiki iliyofuata. Mkono ulipokuwa kwenye bandeji hakuweza kukaa bure, akaenda kwa Mama Lehemu na karatasi za gundi zilizobaki kazini, akaketi wiki mbili akiandika kwa mkono wa kulia majina ya vilivyomo katika kila mkebe, kwa mwandiko ule wa posta usiotetereka. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake. Mama Lehemu alilalamika kwamba sasa hapati kitu chochote, alikuwa amezoea kukumbuka. Lakini hajabandua hata karatasi moja.

Baada ya bandeji kuja kazi yenyewe. Daktari aliagiza mazoezi ya vidole, dada akayageuza kuwa kazi za nyumbani. Akamkabidhi nguo zote za kuanika na vibanio vyake, abane kwa vidole viwili vya mwisho tu. Majirani walisimama kumtazama mstaafu wa serikali akipambana na soksi. Miezi miwili alikuwa akidondosha. Mwezi wa tatu akaanza kubana taulo.

Hapo akaniita. Nilifika Alhamisi asubuhi nikakuta gitaa limesimama sebuleni, pedali nyeusi chini ya mguu wake, na kiti kimewekwa mbele kama cha mwanafunzi mtoro.

"Kaa," alisema. "Nitapiga noti moja. Kasuku atairudisha. Wewe utaniambia: juu, chini, au sawa. Hiyo ndiyo kazi yako."

Alipiga. Mkono ulitetemeka, noti ikakaa chini waziwazi, pedali ikairudisha mara tatu chini vilevile.

"Karibu sawa," nilisema.

Aliweka kipande cha chuma mezani. "Shemeji, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeshasikia mwenyewe. Nataka kujua kama na wewe utasema."

"Chini," nilisema.

"Asante," alisema, akapiga tena.

Tulifanya hivyo kila Alhamisi kwa miezi mitano. Chini. Chini. Juu. Chini. Sawa. Chini. Mwanzoni kila neno nililisema nikitazama sakafu, baadaye likawa kama kuhesabu mapigo. Naye kila mara alijibu asante, hata nilipokuwa nimesema chini mara kumi mfululizo na dada amechungulia kutoka jikoni kwa jicho baya. Simjui mtu mwingine ambaye angenisamehe kwa namna ile, kwa kunipa nafasi ya kusema kila wiki kile nilichokinyamazia miaka miwili.

Aliporudi ukumbini ilikuwa Jumapili yenye jua kali, zile feni mbili zinazofanya kazi zimeelekezwa kwa wazee. Mama Lehemu alikuwepo, ingawa hachezi. Tulikuwa tumekubaliana atumie pedali ya kijani, na nyimbo tano za mwanzo aliitumia. Ilimpokea vizuri. Palipopungua ilifunika, palipotetemeka ilichafua kidogo pakapita, na kusema kweli niliisikia ile barua iliyochakaa na nikaelewa kwa nini aliipenda. Hakuna ubaya kuwa na rafiki anayekustiri mbele za watu, ilimradi nyumbani yupo anayekwambia.

Kisha ikafika zamu ya wimbo wa dada yangu. Stempu aliinama, akachomoa waya kwenye ile ya kijani, akauchomeka kwenye nyeusi. Taa ya buluu ikawaka. Mpiga ngoma akanitazama.

"Shemeji, acha," nilimwambia kwa chini. "Leo ndiyo siku ya kwanza."

"Ndiyo maana," alisema.

Tulianza. Nilijikaza nisipandishe sauti ya besi. Alipofika katikati watu walipunguza mwendo, na dada aliweka pochi yake sakafuni bila kuangalia anaiweka wapi. Noti ilipanda, ikapanda, ikakaa. Pedali ikairudisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Stempu akanigeuzia uso.

Ukumbi mzima ulikuwa ukitabasamu. Ningeweza kutabasamu nao.

"Chini," nilisema. "Unywele."

Akatikisa kichwa kukubali, kama nimemsomea uzito wa kifurushi. Wimbo ule una mzunguko wa pili, na noti ile hurudi. Tukazunguka. Safari hii niliona kiwiko chenye kovu kikiinuka kidogo kutoka ubavuni, vile vidole viwili vikifuata nyuma ya chuma, vimelala juu ya nyuzi kama zamani. Noti ikapanda. Ikafika. Ikarudi mara tatu, na kila ilipotoka ilikuwa pale pale.

Akanitazama tena. Mimi macho yalikuwa yamejaa, vidole vinaendelea na besi kwa mazoea tu. Akaona ninachelewa, uso ukaanza kumbadilika.

"Sema, bwana," alisema.

"Sawa," nilisema. "Iko sawa kabisa."

Na kwa kuwa dakika tatu zilizopita nilikuwa nimemwambia chini, aliniamini.